Tathmini ya kazi

Tathmini ya kazi ni utaratibu wa kupima na kulinganisha kazi mbalimbali ndani ya taasisi moja ili kujua ipi ina uzito mkubwa kuliko nyingine, na hivyo kuzipanga katika madaraja ya mishahara. Kinachopimwa ni kazi yenyewe, si mtu anayeifanya.

Njia inayojulikana zaidi ni njia ya pointi. Katika njia hii kazi huchambuliwa kwa vigezo kama vile ujuzi, wajibu, juhudi na mazingira ya kazi. Kila kigezo hupewa uzito wake, kila kazi hupewa pointi katika kila kigezo, kisha pointi hujumlishwa. Kazi zenye jumla zinazokaribiana huwekwa katika daraja moja hata kama hazifanani kabisa kwa sura, kwa mfano upishi na upakaji rangi.

Tathmini ya kazi haitoi kipimo cha uhakika kama mizani ya dukani. Uzito wa vigezo huamuliwa na watu, na uamuzi huo ndio unaobeba sehemu kubwa ya matokeo. Faida yake kuu ni kwamba uamuzi huo huandikwa wazi, hivyo mfanyakazi, chama cha wafanyakazi au mahakama inaweza kuuhoji.

## Tofauti na tathmini ya utendaji

Tathmini ya kazi huchanganywa mara nyingi na tathmini ya utendaji. Tathmini ya utendaji huuliza: mtumishi huyu ametimizaje majukumu yake mwaka huu? Mfano wake ni mfumo wa OPRAS uliotumika katika utumishi wa umma wa Tanzania, ambamo mtumishi na msimamizi wake walijaza fomu ya malengo na matokeo.

Tathmini ya kazi huuliza jambo lingine: nafasi hii inadai nini kwa yeyote atakayeishika? Dereva hodari na dereva mzembe wa gari lilelile wana kazi yenye pointi zilezile. Tofauti ya bidii yao inahusu utendaji, na hushughulikiwa kwa njia nyingine. Vilevile shahada ya uzamili aliyo nayo karani haiongezi pointi za ukarani ikiwa kazi yenyewe haihitaji shahada hiyo.

## Historia

Njia za kupima kazi zilianza kuchukua sura rasmi nchini Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, wakati viwanda na ofisi za serikali zilipokuwa na maelfu ya wafanyakazi na kila msimamizi akipanga malipo kwa mazoea yake. Mwaka 1923 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuainisha nafasi za utumishi wa serikali kuu katika madaraja.

Merrill R. Lott alieleza njia ya pointi katika kitabu chake cha mwaka 1926. Mwaka huohuo Eugene Benge alibuni njia ya kulinganisha vigezo alipokuwa katika kampuni ya usafiri ya mjini Philadelphia. Katika miaka ya 1930 vyama vya waajiri wa viwanda vya umeme na vya metali viliandaa mpango wa pointi wenye vigezo 11, ambao ulinakiliwa na viwanda vingi. Katika miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 Edward N. Hay na wenzake walitengeneza njia inayofaa zaidi kazi za ofisi na uongozi. Njia hiyo inapima mambo makuu matatu: maarifa, utatuzi wa matatizo, na uwajibikaji kwa matokeo.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliisukuma mbele tathmini ya kazi. Serikali ya Marekani ilizuia upandishaji wa mishahara kwa jumla, lakini Bodi ya Taifa ya Kazi ya Wakati wa Vita iliruhusu kurekebisha tofauti zisizo za haki ndani ya kiwanda kimoja, na tathmini ya kazi ikawa njia ya kuthibitisha kwamba tofauti hizo zipo. Katika viwanda vya chuma, kampuni na chama cha wafanyakazi walishirikiana kuandaa mpango wa pamoja ulioanza kutumika mwaka 1947.

Mwaka 1951 Shirika la Kazi Duniani (ILO) lilipitisha Mkataba Na. 100 kuhusu malipo sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa. Kifungu cha 3 cha mkataba huo kinataka zichukuliwe hatua za kuhimiza upimaji wa kazi usio na upendeleo, unaotazama kazi inayofanyika. Tangu hapo tathmini ya kazi ilikuwa na sura mbili: chombo cha mwajiri cha kupanga mishahara, na chombo cha sheria cha kutafuta usawa.

## Aina za njia

Njia za tathmini hugawanywa katika makundi mawili: zinazoitazama kazi kwa jumla na zinazoichambua.

Njia zinazoitazama kazi kwa jumla:

* Kupanga kwa mfuatano. Kamati huzipanga kazi zote kuanzia ya juu hadi ya chini kwa kuzilinganisha mbili mbili. Ni rahisi kwa taasisi ndogo, lakini haionyeshi kazi moja inaizidi nyingine kwa kiasi gani wala kwa sababu gani.
* Uainishaji. Madaraja huelezwa kwanza kwa maandishi, kisha kila kazi huwekwa katika daraja ambalo maelezo yake yanakaribiana nayo. Serikali nyingi hutumia njia hii.

Njia zinazochambua:

* Kulinganisha vigezo. Kazi chache zinazojulikana vizuri hulinganishwa kigezo kwa kigezo, na mshahara wa kila moja hugawanywa kati ya vigezo hivyo. Kazi nyingine hupimwa kwa kufananishwa nazo. Njia hii hutumika kwa nadra siku hizi kwa sababu ni ngumu kuwaeleza wafanyakazi.
* Njia ya pointi. Ndiyo inayoelezwa kwa kirefu hapa chini.

Njia ya Thomas T. Paterson, msomi wa Uskoti, inasimama kando kidogo. Inatumia kigezo kimoja tu, yaani aina ya maamuzi ambayo kazi inadai, na kuzipanga kazi katika makundi sita kuanzia A hadi F. Katika njia hiyo hakuna swali la uzito wa vigezo, kwa kuwa uzito wote umewekwa kwenye maamuzi.

## Hatua za njia ya pointi

1. Kuunda kamati. Kamati nzuri ina wawakilishi wa uongozi na wa wafanyakazi, wanawake kwa wanaume, na watu wanaozijua kazi za idara mbalimbali.
2. Kukusanya maelezo ya kazi. Wafanyakazi hujaza dodoso, huhojiwa, au hutazamwa wakiwa kazini. Maelezo huandikwa kwa mpangilio mmoja kwa kazi zote.
3. Kuchagua vigezo. Mara nyingi huwa vinne vikuu, yaani ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi, na kila kimoja huweza kugawanywa katika vigezo vidogo.
4. Kueleza viwango. Kila kigezo hugawanywa katika viwango, kwa mfano kuanzia 1 hadi 5, na kila kiwango huelezwa kwa maneno yanayoeleweka.
5. Kuweka uzito. Kamati huamua kila kigezo kibebe asilimia ngapi ya pointi zote.
6. Kupima kazi za mfano. Kazi chache zinazofahamika na kila mtu hupimwa kwanza ili kuujaribu mpango.
7. Kupima kazi zote na kuzipanga katika madaraja.
8. Kuunganisha madaraja na mishahara. Hatua hii huzingatia pia uwezo wa taasisi, mishahara ya waajiri wengine na makubaliano na chama cha wafanyakazi.
9. Kusikiliza rufaa. Mfanyakazi anayeona kwamba kazi yake haikuelezwa vizuri hupewa nafasi ya kuomba ipimwe upya.

Kwa kawaida mfanyakazi ambaye mshahara wake wa sasa unazidi daraja jipya la kazi yake hapunguziwi. Mshahara wake husimamishwa mpaka mishahara ya daraja hilo imfikie, au hulindwa kwa muda uliokubaliwa.

## Mfano wa hesabu

Tuseme shule ya sekondari ya bweni inataka kulinganisha kazi nne zisizo za ualimu: mhasibu, mpishi mkuu, dereva na mlinzi. Kamati imechagua vigezo vinne na kuamua pointi zote ziwe 500. Kila kigezo kina viwango vitano vinavyopanda kwa hatua sawa.

* Ujuzi: asilimia 40, pointi 200 (kila kiwango pointi 40)
* Wajibu: asilimia 30, pointi 150 (kila kiwango pointi 30)
* Juhudi: asilimia 15, pointi 75 (kila kiwango pointi 15)
* Mazingira ya kazi: asilimia 15, pointi 75 (kila kiwango pointi 15)

Baada ya kusoma maelezo ya kazi, kamati inakubaliana kuhusu viwango vifuatavyo. Pointi zimo katika mabano.

| Kazi | Ujuzi | Wajibu | Juhudi | Mazingira | Jumla |
|---|---|---|---|---|---|
| Mhasibu | 5 (200) | 4 (120) | 2 (30) | 1 (15) | 365 |
| Mpishi mkuu | 3 (120) | 3 (90) | 5 (75) | 4 (60) | 345 |
| Dereva | 3 (120) | 4 (120) | 3 (45) | 3 (45) | 330 |
| Mlinzi | 1 (40) | 3 (90) | 2 (30) | 4 (60) | 220 |

Ikiwa daraja la kwanza ni pointi 150 hadi 249, la pili 250 hadi 349, na la tatu 350 hadi 449, basi mlinzi yupo daraja la kwanza, dereva na mpishi mkuu wapo la pili, na mhasibu yupo la tatu.

### Uzito ukibadilika

Sasa tuseme kamati iliamua tangu mwanzo kwamba ujuzi ubebe asilimia 50, wajibu 35, juhudi 10 na mazingira 5. Viwango walivyopewa wote vinabaki vilevile. Mhasibu anapata pointi 415, dereva 335, mpishi mkuu 325 na mlinzi 195.

Dereva amempita mpishi mkuu. Jikoni hakuna kilichobadilika: masufuria ni yaleyale, moshi ni uleule, na idadi ya wanafunzi ni ileile. Kilichobadilika ni maoni ya kamati kuhusu thamani ya jasho na moshi ikilinganishwa na wajibu.

### Maelezo ya kiwango yakibadilika

Katika hesabu ya kwanza mpishi mkuu alikosa daraja la tatu kwa pointi 5. Alipewa kiwango cha 3 katika wajibu. Huenda kigezo hicho kilielezwa kwa kutaja fedha na vyombo vya shule tu. Kama maelezo yangetaja pia afya ya watu wanaotegemea kazi hiyo, mpishi mkuu anayelisha mamia ya wanafunzi na kusimamia stoo ya chakula angeweza kupewa kiwango cha 4. Jumla yake ingekuwa 375, naye angepita mhasibu na kuingia daraja la tatu.

Mfano huu unaonyesha kwamba matokeo hutegemea mambo matatu: nini kimetajwa katika kigezo, kigezo kina uzito gani, na mpaka wa daraja umewekwa wapi.

## Uzito wa vigezo

### Namna ya kuuweka

Kuna njia mbili kuu za kuweka uzito. Ya kwanza ni makubaliano ya kamati: wajumbe hujadili nini kina thamani zaidi kwa taasisi yao mpaka wafikie asilimia wanazokubaliana.

Ya pili ni hesabu ya takwimu. Kazi za mfano hupewa viwango, kisha hutafutwa uzito ambao utazalisha mishahara inayokaribiana na ile inayolipwa sasa. Njia hii huonekana ya kisayansi zaidi na haileti mshtuko, kwa sababu matokeo hufanana na hali iliyopo. Udhaifu wake umo palepale. Ikiwa kazi za wanawake, au za watu wa kundi fulani, zililipwa kidogo kwa miaka mingi, uzito unaotolewa kutoka kwenye mishahara hiyo utairudisha tofauti ileile ikiwa imevaa vazi la tarakimu.

### Uzito wa maandishi na uzito halisi

Asilimia iliyoandikwa katika mpango si lazima iwe ndiyo nguvu halisi ya kigezo. Ikiwa kazi zote zimepewa kiwango cha 3 katika wajibu, kigezo hicho hakitenganishi kazi yoyote na nyingine, hata kama kimeandikiwa asilimia 30. Nguvu ya kigezo hutokana na uzito wake pamoja na jinsi kazi zinavyotofautiana ndani yake.

Jambo la pili ni kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Elimu, uzoefu, ugumu wa maamuzi na uhuru wa kuamua kwa kawaida hupanda pamoja. Mpango wenye vigezo hivyo vyote vinne kwa kweli umekipa kitu kimoja uzito mkubwa kuliko unavyokiri.

### Mifano miwili

Mpango wa vigezo 11 wa viwanda vya Marekani, uliotajwa hapo juu, ulikuwa na pointi 500 za juu kabisa kwa kazi za kiwandani. Ujuzi ulipewa 250, yaani nusu nzima: elimu 70, uzoefu 110, na ubunifu pamoja na kujianzia mambo 70. Wajibu ulipewa 100, juhudi 75, na mazingira pamoja na hatari za kazi 75. Ndani ya juhudi, nguvu za mwili zilipewa pointi 50, ilhali matumizi ya akili na macho yalipewa 25. Ni uzito unaofaa karakana ya chuma. Ukipelekwa kama ulivyo kwenye wodi ya hospitali utaacha mengi nje.

Mpango unaotumiwa tangu mwaka 2004 na Huduma ya Afya ya Taifa ya Uingereza (NHS) una vigezo 16 na pointi 1,000. Maarifa, mafunzo na uzoefu ndicho kigezo kizito kuliko vyote, chenye pointi 240. Vigezo 11 vina pointi 60 kila kimoja. Vinne vya mwisho, yaani juhudi za mwili, juhudi za akili, juhudi za kihisia na mazingira ya kazi, vina pointi 25 kila kimoja. Juhudi za kihisia zinahusu mambo kama kumweleza mgonjwa au ndugu zake habari mbaya. Mipango ya zamani ya viwandani haikuwa na kigezo cha namna hiyo.

Katika mpango huo viwango havipandi kwa hatua sawa. Maarifa huanza na pointi 16, kisha 36, 60, 88, 120, 156, 196 hadi 240, kwa hiyo kila hatua ya juu ina thamani kubwa kuliko iliyoitangulia. Kazi yenye pointi 326 hadi 395 huingia daraja la 5, na yenye 396 hadi 465 huingia daraja la 6.

## Migogoro mashuhuri

### Washonaji wa Dagenham

Mwaka 1967 kampuni ya Ford nchini Uingereza ilifanya tathmini ya kazi na kuanzisha madaraja matano, A hadi E. Wanawake walioshona vitambaa vya viti vya magari katika kiwanda cha Dagenham waliwekwa daraja B, la kazi zenye ujuzi mdogo. Wao walidai kwamba ushonaji wao kwa cherehani ulistahili daraja C. Zaidi ya hayo, mwanamke wa daraja B alilipwa asilimia 85 tu ya mshahara wa mwanamume wa daraja hilohilo.

Mwezi Juni 1968 washonaji 187 waligoma. Bila viti magari hayakuweza kukamilika, na uzalishaji ukasimama. Baada ya majuma matatu, na baada ya kukutana na waziri Barbara Castle, walirudi kazini kwa makubaliano ya kulipwa asilimia 92 ya mshahara wa wanaume wa daraja B.

Mgomo huo ulichangia kupatikana kwa Sheria ya Malipo Sawa ya mwaka 1970. Hata hivyo makubaliano yalijibu dai moja kati ya mawili. Tofauti kati ya mwanamke na mwanamume wa daraja moja ilipunguzwa, lakini dai la kwamba kazi yenyewe ilipimwa vibaya lilibaki. Washonaji walipandishwa daraja C mwaka 1984, baada ya mgomo mwingine.

### Mpishi wa bandari ya meli

Sheria ya Uingereza ya mwaka 1970 ilimruhusu mwanamke kudai malipo sawa kwa misingi ya tathmini ya kazi pale tu ambapo mwajiri alikuwa amekubali kuifanya. Mwaka 1982 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba hilo halitoshi. Sheria ikarekebishwa, na kuanzia mwaka 1984 mfanyakazi aliweza kuiomba mahakama iamue kuhusu thamani sawa hata bila idhini ya mwajiri.

Julie Hayward, mpishi katika kampuni ya kuunda meli ya Cammell Laird, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuitumia nafasi hiyo. Alijilinganisha na mpaka rangi, seremala na fundi wa kufunika mabomba kwa vizuia joto. Mtaalamu huru alizipima kazi hizo nne kwa vigezo vitano na kuona kwamba zina thamani sawa. Kampuni ilidai kwamba marupurupu mengine ya mpishi yalifidia mshahara wake mdogo, lakini mwaka 1988 Baraza la Malordi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo, lilimpa ushindi Hayward.

### Jimbo la Washington

Mwaka 1974 serikali ya jimbo la Washington, Marekani, ilifanya utafiti wa pointi kuhusu kazi za watumishi wake. Ulionyesha kwamba kazi zilizofanywa zaidi na wanawake zililipwa pungufu kwa takriban asilimia 20 kuliko kazi za wanaume zenye pointi sawa. Jimbo halikurekebisha mishahara, na chama cha wafanyakazi kikaenda mahakamani. Kilishinda mwaka 1983, lakini mwaka 1985 mahakama ya rufaa ilitengua hukumu hiyo kwa hoja kwamba jimbo halikulazimika kuondoa tofauti zilizoletwa na soko la ajira. Hatimaye pande mbili zilipatana nje ya mahakama.

Kesi hii inaonyesha kwamba kupima kazi na kuyatekeleza matokeo ya kipimo ni mambo mawili tofauti.

## Katika Afrika Mashariki

Kenya na Tanzania zimeridhia Mkataba Na. 100 wa ILO. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, katika kifungu cha 5, inamtaka mwajiri kulipa malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamtaka mwajiri kuchukua hatua za kuhakikisha malipo sawa kwa wanaume na wanawake kwa kazi yenye thamani sawa.

Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 iliunda Tume ya Mishahara na Marupurupu. Tume hiyo iliendesha tathmini ya kazi katika utumishi wa umma katikati ya miaka ya 2010, na madaraja yaliyotokana nayo yanafuata mpangilio wa herufi na namba wa Paterson. Walimu walio chini ya Tume ya Huduma za Walimu, kwa mfano, hupangwa kuanzia B5 hadi D5. Makubaliano ya mishahara kati ya tume hiyo na vyama vya walimu ya mwaka 2017 hadi 2021 yalijengwa juu ya madaraja hayo.

Nchini Tanzania nafasi za utumishi wa umma huelezwa katika Miundo ya Maendeleo ya Utumishi, inayotaja majukumu na sifa za kuingilia kila cheo, na mishahara hufuata ngazi kama vile TGS kwa watumishi wa kawaida na TGTS kwa walimu. Mpangilio huo unakaribiana zaidi na njia ya uainishaji kuliko njia ya pointi.

## Faida na hoja za upinzani

Wanaoiunga mkono njia ya pointi husema kwamba inapunguza upendeleo, inampa mfanyakazi sababu inayoeleweka ya daraja lake, inasaidia kuipangia daraja kazi mpya, na inawezesha kulinganisha kazi zisizofanana.

Wanaoipinga hutoa hoja zifuatazo:

* Ni ghali na ya polepole. Kukusanya maelezo ya mamia ya kazi huchukua miezi au miaka, na kazi hubadilika kabla ya zoezi kumalizika.
* Huwavutia watu kukuza maelezo ya kazi zao. Msimamizi huweza kuongeza majukumu kwenye karatasi ili idara yake ipate pointi.
* Inagongana na soko. Taasisi inaweza kushindwa kumpata mtaalamu wa kompyuta kwa mshahara wa daraja ambalo pointi zimemweka. Taasisi nyingi huongeza posho ya soko, lakini posho hizo zikizidi hubomoa mpango wenyewe.
* Kazi nyingine hazionekani. Kutuliza mzazi mwenye hasira, kubeba mgonjwa, kuvumilia harufu au kufanya mambo matano kwa wakati mmoja ni mambo yanayosahaulika kirahisi pale ambapo vigezo vimeandikwa na watu wasioyafanya. Kwa sababu hiyo ILO ilitoa mwaka 2008 mwongozo wa kufanya tathmini ya kazi isiyobagua kijinsia, na sheria ya usawa wa malipo ya jimbo la Ontario, Kanada, ya mwaka 1987 inataka ujuzi, juhudi, wajibu na mazingira ya kazi vyote vizingatiwe.

## Maswali ya kuhoji mpango

Mfanyakazi au chama cha wafanyakazi kinachopewa matokeo ya tathmini kinaweza kuukagua mpango kwa maswali machache:

* Nani walikuwa katika kamati, na kazi zipi hazikuwakilishwa?
* Je, maelezo ya kazi yalithibitishwa na mtu anayeifanya kazi hiyo?
* Uzito wa kila kigezo ni asilimia ngapi, na ulipatikana kwa makubaliano au kwa kufuata mishahara iliyokuwapo?
* Kuna vigezo vinavyohesabu kitu kimoja mara mbili?
* Mipaka ya madaraja iliwekwa kabla au baada ya pointi kujulikana?
* Kazi zipi zimekosa daraja la juu kwa pointi chache, na kwa kawaida hufanywa na nani?
* Rufaa inapelekwa wapi, na ndani ya muda gani?

Mwajiri aliyeufanya mpango kwa uangalifu huwa na majibu ya maswali haya katika kumbukumbu za kamati. Pasipo majibu hayo, jumla ya pointi peke yake haitoshi kueleza kwa nini kazi moja inalipwa zaidi ya nyingine.